Mishale Kumi na Minane

Mwalimu Khisa ana kalamu nne mfukoni mwa shati na hakuna hata moja inayoandika. Najua kwa sababu kila Jumatatu huja maabara kuazima yangu. "Mama Michelle, hebu nisaidie kalamu," ananiambia, huku zile nne zimejipanga kifuani pake. Mimi humpa. Akigeuka, nasonya, polepole ili asisikie. Nimekuwa mtu wa maabara katika shule hii ya wasichana, nje kidogo ya mji wa Kakamega, kwa miaka kumi na tisa, na kama kuna kitu nimekizoea kuliko kuosha mirija ya kioo, ni kusonya.

Yeye ndiye mkuu wa kemia. Kwa miaka ishirini na miwili amefundisha elektroni kwa wimbo mmoja: mbili, nane, nane, mbili. Anachora duara, anazungushia vidoti, anafuta, anakwenda kunywa chai. Basi mtaala mpya ukaingia, tukapata Gredi ya Kumi, na wakubwa wakasema duara hazitoshi tena. Sasa elektroni zichorwe kama mishale ndani ya visanduku. Kila kisanduku kinabeba mishale miwili tu, mmoja unaangalia juu, mwingine chini. Ukihesabu mishale, unajua ni elementi gani. Si jambo la kumtoa mtu jasho. Khisa alipelekwa semina ya siku tano katika hoteli moja mjini, akarudi na mkoba mpya na cheti. Cheti akakitia fremu.

Somo la kwanza la visanduku nilikuwa nyuma ya maabara nikipanga chupa. Akachora visanduku vitatu vya mwisho vya naitrojeni, ambavyo kila kimoja kinatakiwa mshale wake. Akajaza cha kwanza miwili, cha pili mmoja, cha tatu akakiacha kitupu. Salaale! Hata mtoto wa shule ya Jumapili anajua watu wanavyoketi kanisani asubuhi: kila anayefika anachukua benchi lake mwenyewe, na mabenchi yakiisha ndipo mtu anasogea kando ya mwenzake. Mishale nayo ni hivyo hivyo. Nikakohoa.

"Una shida, Mama Michelle?"

"Ni vumbi la chaki, mwalimu."

Kumrekebisha? Ng'o. Mtu ambaye wageni wakija ananitambulisha, "Huyu Jael ndiye hutuoshea vyombo," mimi nimrekebishe ili iweje? Sina digrii, sikatai. Nina cheti cha miaka miwili tu. Lakini kila jaribio ambalo wasichana hawa wamewahi kufanya, ni mikono hii iliyopima dawa zake, na vitabu vyao vyote nimevisoma nikingoja maji yachemke. Acha apotee, nikasema.

Jioni nikifika nyumbani, nikisonga obusuma, ugali wetu, nilikuwa namwigiza Khisa mbele ya binti yangu Michelle: anavyovuta suruali juu, anavyosema "kwa mujibu wa mwongozo" huku amefumba jicho moja. Michelle alicheka mpaka akashika ukuta. Yumo darasani mwa Khisa, Gredi ya Kumi, na tangu akiwa wa miaka minane amesema atakuwa mfamasia. Alikuwa akibandika karatasi kwenye chupa tupu za sharubati ya kikohozi na kuandika kutwa mara tatu. Kemia ilizungumzwa kila siku nyumbani kwangu, na kila siku ilikuwa ni kumcheka mtu.

Sasa, shule yetu ina sheria moja isiyo na mchezo. Msichana wa Gredi ya Kumi asipofikisha alama sitini za kemia mwishoni mwa muhula wa pili, anatolewa mkondo wa sayansi na kupelekwa kusoma historia na masomo ya jamii. Mzazi huitwa, anatia sahihi, basi. Ufamasia, udaktari, kilimo cha chuo kikuu, vyote unavipungia mkono siku hiyo.

Na mtihani wenyewe unatoka wapi? Usifikiri Khisa huutunga. Huuchukua kwa jamaa mmoja mjini anayeuza mitihani iliyokwisha kuiva, maswali kwenye bahasha moja na mwongozo wa kusahihisha kwenye nyingine. Shida ni kwamba jamaa huyo anawauzia wengi, na wiki moja kabla, mtihani wote uko kwenye simu za wazazi. Kwa hiyo Khisa huniletea niuchape upya. "Badilisha badilisha kidogo, halafu niandikie majibu mapya nibandike kwenye mwongozo." Yeye kompyuta haiwezi. Wala hawezi kubadilisha swali bila kuliua.

Muhula huo nilibadilisha maswali saba. Majibu ya maswali sita nikayaandika vizuri kwenye karatasi ya manjano. Jibu la swali la saba nikaliacha makusudi.

Kwenye mtihani lilikuwa swali la kumi na nne, alama tatu. Mchoro wa visanduku tisa, vyote vimejaa, mishale kumi na minane. Tambua elementi hii. Jibu kwenye mwongozo lilikuwa agoni, kwa sababu agoni ndiyo yenye elektroni kumi na nane. Mimi nikauzungushia mchoro mabano ya mraba, na kwenye pembe ya juu, upande wa kulia, nikaandika 2+. Basi. Alama hiyo inasema kwamba chembe hiyo imepoteza elektroni mbili. Kumi na nane ni zilizobaki. Ilipokuwa nzima ilikuwa nazo ishirini, na mwenye ishirini si agoni, ni kalsiamu.

Nilitaka Khisa akifika hapo akwame. Nilitaka aje dirishani kwangu na karatasi mkononi, aniulize, "Mama Michelle, hii nayo ni nini?" nami nimweleze polepole mbele ya walimu wenzake, kama mtoto wa chekechea. Anayeosha vyombo amweleze mwenye fremu! Niliisubiri siku hiyo kwa hamu, sitadanganya.

Hakuja. Alisahihisha karatasi arobaini na sita mwisho wa wiki moja, mwongozo upande huu, kalamu yangu nyekundu upande ule, na ile 2+ hakuiona kabisa. Ebo! Mtu mzima, macho mawili, miwani juu yake.

Jumanne matokeo yakabandikwa ukutani. Walioanguka walikuwa sita. Watano walikuwa chini ya arobaini, hata wenyewe hawakushangaa. Wa sita alikuwa Chepkorir, msichana mrefu mkimya kutoka Mautuma, kule Lugari, ambaye kwao wanalima mahindi. Alikuwa na hamsini na nane. Wakati wa mapumziko alikuja maabara na karatasi yake ameikunja mara nne.

"Mama, naomba uniangalizie hii ya kumi na nne. Darasa zima wamepata kwa agoni, mimi nimeandika kalsiamu na mwalimu amenikata."

Nikaangalia. Kalsiamu, na mkato mwekundu juu yake, umepigwa kwa nguvu mpaka karatasi imetoboka.

"Wewe ulijuaje?" nikamuuliza.

"Udongo wa kwetu ni mchachu, mahindi yanakuwanga manjano. Baba alipeleka udongo kupimwa, wakaturudishia karatasi imeandikwa Ca, halafu hapo juu 2+. Nikamuuliza afisa wa kilimo hiyo mbili ni ya nini. Akasema kalsiamu ikiwa kwa udongo imeshapoteza elektroni mbili. Ndiyo tunatianga chokaa, kuirudisha." Akaweka kidole kwenye mchoro. "Sasa hapa mishale ni kumi na nane, na mbili zimepotea. Si ni ishirini?"

Nilitaka kucheza pale pale kati ya meza. Wasichana arobaini na watano wameandika agoni, mmoja wa shambani ameandika kalsiamu, na mkuu mzima wa kemia amemkata huyo mmoja! "Kesho asubuhi tunakwenda kwa Khisa, mimi na wewe," nikamwambia. "Leo amepatikana." Sikumwambia, "Umefaulu, mwanangu." Nilisema amepatikana. Nakumbuka vizuri.

Jioni hiyo Michelle aliingia nyumbani akirukaruka. "Mama, nimepona! Sitini na moja! Moja tu juu!" Akanirushia karatasi, akaenda kubadilisha sare akiimba. Nilikuwa na mwiko mkononi. Nikafunua ukurasa wa tatu kwa kidole chenye unga. Swali la kumi na nne: agoni. Tiki kubwa. Tatu kwa tatu.

Nilitoa tatu kwenye sitini na moja. Nikatoa tena, utadhani hesabu ingenihurumia. Hamsini na nane. Chepkorir akipata tatu zake anapanda sitini na moja, na Michelle akinyang'anywa tatu zake anashuka hamsini na nane. Hakuna mwingine hata mmoja ambaye tatu zingemtoa. Aliyekuwa juu ya Michelle alikuwa na sitini na sita. Kwa darasa zima swali hilo lilikuwa ni la watoto wawili tu, na mmoja alikuwa anaimba chumbani kwangu.

"Mama, obusuma inaungua," akaniambia.

Jumatano nilimwambia Chepkorir kwamba Mwalimu Khisa ana shughuli. Alhamisi nikamwambia angoje nihakikishe kwenye kitabu. Kitabu gani? Mimi ndiye niliyeandika hiyo 2+ kwa kidole hiki. Aliniangalia, akasema, "Sawa, Mama," akaenda peke yake. Ofisi ya kemia na chumba changu cha dawa vimetenganishwa na mbao tu, na kila neno lilinifikia.

"Wenzako arobaini na watano wote ni wajinga," Khisa alikuwa anasema, "wewe peke yako ndiye profesa?"

"Mwalimu, kuna 2+ hapo juu."

"Kuna mwongozo hapa chini. Mwongozo unasema agoni. Mishale kumi na minane, agoni. Nenda darasani, na kesho mzazi wako awe hapa."

Nami nilikuwa nimesimama upande wa pili na brashi mkononi, maji yananitiririka kwenye kiwiko. Unajua nilifanya nini? Nilimdharau. Haki ya Mungu, jibu liko mdomoni mwangu, nimelifungia, na bado nilikuwa namsonya yeye kwa kutolijua.

Ijumaa mama yake Chepkorir alifika saa nne, viatu vina matope ya safari, mkononi kifuko cha maparachichi. Nilimkuta kwenye kibaraza nje ya ofisi ya naibu wa mwalimu mkuu. Aliponiona na koti langu jeupe alisimama wima.

"Habari, mwalimu."

"Mimi si mwalimu, mama. Ni wa maabara."

"Ni sawa tu, unaishi na hao watoto." Alipunguza sauti. "Mimi nilisoma mpaka darasa la sita. Wameniambia niweke sahihi, nitaweka. Lakini huyu mtoto anasomanga mpaka tunamnyang'anya taa. Niambie tu ukweli kama mzazi mwenzangu. Amekosea wapi?"

Mzazi mwenzangu. Angeniuliza kwa ukali ningepata la kumjibu. Kujitia hamnazo ninajua sana. Lakini aliuliza kama mtu anayetaka kujua tu, akirudi nyumbani awaeleze wengine.

"Hajakosea mahali," nikasema, na nikafungua mlango wa ofisi bila kubisha.

Ndani alikuwamo Madam Lynette, naibu wa mwalimu mkuu, mwanamke asiyepoteza neno. Khisa alikuwa ameketi kando yake na bahasha zake mapajani. Chepkorir alisimama ukutani. Mama yake akaingia nyuma yangu. Nikaichukua karatasi ya mtoto, nikaiweka mezani, nikaonyesha ile 2+, nikaeleza yote: kumi na nane zilizobaki, mbili zilizopotea, ishirini, kalsiamu. Nilieleza kwa sauti ile ile niliyokuwa nimeiandaa, ya mtoto wa chekechea. Ilinitoka hata bila mimi kutaka.

Khisa alivaa miwani. Akahesabu mishale kwa ncha ya kalamu, mmoja mmoja, midomo ikicheza. Akafika mwisho, akatazama ile 2+ kwa muda mrefu.

"Ni kalsiamu," akasema. "Mtoto yuko sawa." Akamgeukia Chepkorir. "Yuko sawa, na mimi nimemfokea. Nisamehe, binti yangu."

Nilikuwa nimengoja miaka kumi na tisa kumwona Khisa akishindwa. Sikutarajia angeshindwa haraka hivyo, bila hata kubishana. Kisha akafungua bahasha, akatoa karatasi yangu ya manjano. Mimi nilidhani aliitupa siku ile ile. Ilikuwa imekunjwa vizuri, na mbele ya kila jibu alikuwa ameweka tiki ndogo, sita zote, moja baada ya nyingine.

"Lakini Mama Michelle," akasema, si kwa hasira, "hapa uliniandikia sita. Ya kumi na nne haipo."

Madam Lynette aliichukua akaisoma. "Jael, ulisahau?"

Ningesema ndiyo. Neno moja, na wote wangelikubali. "Sikusahau," nikasema. "Niliiacha. Nilitaka nione kama atajua."

"Na umejua tangu lini kwamba huyu mtoto amekatwa?"

"Jumanne."

Mama Chepkorir alinitazama, akahamishia kifuko chake mkono wa pili.  Madam Lynette alivuta orodha ya matokeo, akateremsha kidole, kikasimama mahali. Hakuwa na haja ya kunionyesha jina.

Khisa naye aliliona. Alivua miwani, akaifuta kwa tai. "Madam, mimi naona hivi," akasema. "Kosa ni langu, mimi ndiye niliyesahihisha. Tumpe huyu tatu zake, na wale wengine tuwaache walivyo. Hakuna atakayeumia." Na akanitazama kwa huruma. Khisa! Mwenye kalamu nne zisizoandika! Alikuwa ananifichia mwanangu, bure, mbele za watu, wala hakudai asante.

Madam Lynette alikuwa tayari kukubali, nilimwona. Kilichobaki kilikuwa mimi kunyamaza, jambo ambalo nilikuwa nimelifanya vizuri siku tatu mfululizo.

Sijui kama ni haki iliyonipanda au ni kiburi. Watu wakiniuliza nasema haki. Lakini ukweli ni kwamba sikuweza kuibeba huruma ya mtu niliyemsonya miaka yote hiyo. Ilinichoma kuliko kuitwa mwosha vyombo.

"Agoni si jibu," nikasema. "Sahihisha zote."

"Mama Michelle, fikiria kwanza," Khisa akaniambia.

"Nimesema sahihisha zote."

Nikatoka. Nyuma yangu nilisikia mama Chepkorir akimuuliza bintiye kwa Kikalenjin, na mtoto akimjibu, kisha mama akacheka kicheko kifupi cha mtu aliyetua mzigo. Yale maparachichi niliyakuta baadaye mlangoni pa maabara. Sikuyala. Niliyapeleka jikoni kwa wapishi.

Michelle alirudi nyumbani mapema kuliko mimi. Nilimkuta ameketi kwenye kochi na sare bado, viatu bado, karatasi ya mtihani magotini. Ile tiki ilikuwa imekatwa, na juu yake Khisa ameandika sifuri ndogo, kwa adabu, kama anayeomba radhi. Jumatatu angehamia darasa la historia. Fomu ilikuwa mezani, inangoja sahihi ya mzazi.

"Mama, Madam Lynette ameniambia hiyo 2+ haikuwa kwenye ule mtihani wa kununua," akasema. "Kuna mtu aliiongeza."

"Ndiyo."

"Nani?"

"Mimi."

 Nje boda boda ilipita, ikapiga honi kwa jirani.

"Ulikuwa unajua jibu," akasema. "Muhula mzima ulikuwa unajua mambo ya hiyo 2+. Tumekaa hapa kila jioni, unaniigizia vile Khisa anavuta suruali. Kwa nini hukunionyesha?"

Niliuweka mkoba wangu chini, nikauokota tena.

"Uliiongeza ya nini sasa?"

"Nilitaka kumwona Mwalimu Khisa akikwama."

Michelle aliikunja karatasi mara mbili, akaiweka juu ya ile fomu, akachukua kalamu yangu akaiweka kando yake ili nisihangaike kuitafuta. Halafu akasimama, akanitazama kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka viatuni, akasonya. Msonyo mrefu, wa polepole, meno yamebanwa, kichwa kimegeuzwa kidogo upande. Hilo nilikuwa nimemfundisha vizuri.